Gari la Kutengeneza na Gari la Kupanda

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza habari za uji wa mtoto, homa na usafi wa maji. Mwezi huu tunaomba mtuvumilie, maana tunaingia gereji. Wako watakaosema kwamba mambo ya magari ni ya akina baba. Lakini ni nani hukaa kiti cha nyuma amempakata mtoto? Ni nani hushuka kusukuma kwenye matope, kitenge kimefungwa kiunoni? Na fedha ya spea inapotafutwa, mfuko unaofunguliwa ni ule wa ada ya shule na sukari. Basi jambo hili ni letu pia.

Nyumba nyingi tunazozijua zina gari la namna moja: pikapu kuukuu iliyonunuliwa kwa bei nafuu kwa nia ya kuitengeneza kidogo kidogo. Mwaka huu injini, mwakani gia boksi, Krismasi rangi. Miaka inapita, na kuku wanataga chini ya chesisi. Sisi hatuoni kuwa hilo ni jambo baya. Baba anayetengeneza gari uani yuko nyumbani, mikono yake ina kazi, na vijana hujifunza kwake ufundi. Tatizo huanza pale gari hilo hilo linapotegemewa kuwapeleka watu hospitali.

Kwetu pia ilikuwepo pikapu ya namna hiyo kwa miaka sita. Usiku mmoja wa masika jirani alishikwa na uchungu, na mumewe akaja kugonga mlango wetu. Pikapu ilikataa kuwaka. Wanaume wanne waliisukuma mpaka mteremko wa shule, ikakohoa, ikanyamaza. Mwishowe yule mama alipanda pikipiki kwenye mvua, huku dada yake amemshikilia kwa nyuma. Tunashukuru kwamba alijifungua salama. Lakini sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tunajua jinsi saa moja inavyoweza kugeuza habari njema kuwa msiba. Siku zilizofuata baba watoto na sisi tulikaa chini, tukaanza kuzungumza. Tuliyoyapata katika mazungumzo yale na baada yake ndiyo tunayowaletea leo.

HESABU VICHWA KWANZA

Mafundi huanza kwa kuuliza ukubwa wa injini. Sisi tunawashauri muanze kwa kuhesabu vichwa. Nyumbani mko wangapi? Bibi huja kukaa? Kila mtu apate kiti kinachotazama mbele na mkanda wake mwenyewe. Gari likiwa na mikanda mitano, hilo ni gari la watu watano, hata kama kwa kubanana mnaenea tisa.

Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilisema kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote, na kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Mkanda wa kiti unaweza kupunguza hatari ya kifo hadi nusu. Mkanda tunaoutumia leo, ule unaopita begani na kiunoni, ulibuniwa na Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo huko Sweden mwaka 1959.

Fikirini hivi. Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ghafla, asiyefunga mkanda hupata pigo sawa na la mtu aliyeanguka kutoka urefu wa mita 10 hivi, yaani ghorofa ya tatu. Hakuna mama mwenye mikono ya kumzuia mtoto katika pigo hilo. Na mtoto aliyekaa nyuma ya pikapu juu ya magunia ya viazi hana hata cha kushika. Gari linaposhika breki, yeye bado yuko safarini.

Mtoto mchanga akae kwenye kiti chake maalumu kinachotazama nyuma, tena kiti hicho kisiwekwe mbele ya eabegi inayofanya kazi. Msimfunge ndani ya mkanda mmoja na wewe mama, kwa sababu mwili wako ndio utakaombana. Mtoto mkubwa ambaye hajafikia urefu wa sentimita 135 hivi huhitaji kiti cha kumwinua, ili mkanda upite begani badala ya shingoni. Mjamzito naye afunge mkanda: sehemu ya chini ipite chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga, na ile ya juu ipite katikati ya matiti. Katika barabara mbovu akae kiti kilicho katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, maana anayekaa juu ya ekseli ya nyuma ndiye anayerushwa zaidi.

MOSHI USIOONEKANA

Liko jambo jingine ambalo halisemwi sana gereji. Ekzosi iliyotoboka huvujisha hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ukiivuta, inashikamana na damu mahali palipokuwa pa oksijeni. Katika pikapu iliyofunikwa turubai, au yenye sakafu iliyoliwa na kutu, hewa hiyo huingia walipo abiria. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi usio wa kawaida.

Mara nyingi tunasema, "Mtoto huyu gari humchosha." Basi tazameni: kama kila safari watoto wa nyuma wanaumwa kichwa, nao wanapona wakishuka na kupata hewa safi, ichunguzeni ekzosi kabla ya kununua dawa. Mtu akilegea au kupoteza fahamu, simamisheni gari, zimeni injini, mtoeni nje, kisha mpelekeni hospitali hata kama ameamka. Tena msiwashe gari na kuliacha likinguruma ndani ya banda lililofungwa, hata asubuhi ya baridi.

GARI LA KAZI NA LA FAMILIA

Baba watoto alituambia, "Mama watoto, milima hii inataka gari la kazi." Ni kweli kwamba barabara ya lami inapanda kutoka Mombo hadi Lushoto mjini, lakini ukiiacha kwenda vijijini unakuta udongo mwekundu, na mvua za Machi hadi Mei huufanya utelezi kama sabuni. Gari la chini halifai. Lakini gari linalofaa kupanda milima si lazima liwe gari la mizigo. Waundaji wenyewe walilitambua hilo zamani.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, nayo ilikuwa gari la shamba. Mwaka 1970 watu hao hao walitoa Range Rover, yenye springi za kuzungushwa badala ya zile za vyuma bapa vilivyopangwa. Toyota nao walianza habari za Land Cruiser mwaka 1951. Mwaka 1984 wakatoa ile tunayoiona katika hospitali na mbuga, ambayo huku tunaiita Mkonga. Mwaka 1990 likaja jina la Prado kwa ajili ya gari jepesi zaidi, la kubebea familia. Mkonga ni gari hodari, hakuna anayebisha. Lakini zile zenye mabenchi ya nyuma yanayotazamana huwakalisha watu upande upande, na mtu aliyekaa hivyo hana ulinzi mzuri gari likigongana uso kwa uso. Kwa mgonjwa na vifaa vyake ni sawa, ila kwa safari za kila siku za watoto kuna bora zaidi.

Tulipotafuta, tulipima mambo matatu. La kwanza, gari liwe limenyanyuka, sentimita 20 hivi kutoka ardhini. La pili, magurudumu yote manne yavute. La tatu, liwe na gia nzito za kupandia, zinazoliwezesha gari kutambaa polepole kwenye mteremko mkali bila kutegemea breki peke yake. RAV4, iliyoanza mwaka 1994, na Nissan X-Trail, iliyoanza mwaka 2000, ni magari mazuri ya familia, lakini hayana hizo gia nzito. Kwa anayeishi karibu na barabara nzuri, si neno. Sisi tulichagua Suzuki Escudo iliyotumika, yenye milango mitano, injini ya lita 2, viti vitano na gia hizo nzito. Nyumbani tuko watano. Wenye watoto wengi waangalie Prado ya safu tatu za viti, ila wajue kwamba inataka mafuta na matairi ya bei kubwa zaidi.

Tuseme pia onyo. Magurudumu manne yanayovuta hukusaidia kuondoka, hayakusaidii kusimama. Kwenye breki uko sawa na mwenye gari dogo. Na gari lililonyanyuka hupinduka kwa urahisi zaidi, kwa hiyo msilipandishe magunia kwenye keria. Mizigo mizito ikae chini, ndani, nayo ifungwe.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Nendeni na fundi mnayemwamini, ambaye si rafiki wa muuzaji. Gari liwashwe likiwa la baridi. Likiwa limeshapashwa moto kabla hamjafika, ulizeni kwa nini. Fundi aingie chini atazame kutu ya chesisi na uvujaji wa oili. Mama nawe usikae pembeni: vuta kila mkanda kwa nguvu uone kama unakaza, funga na ufungue kila kifungo, jaribu kila mlango kwa ndani. Angalia kama milango ya nyuma ina kile kizuizi cha watoto.

Someni pia tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne zinazofuata maandishi ya DOT. Ikiwa ni 2419, tairi lilitengenezwa wiki ya 24 ya mwaka 2019. Tairi lililozidi miaka 6 lichunguzwe kila mwaka, na lililofika 10 libadilishwe hata kama bado lina meno. Gari lililotumika linaweza kuja na matairi yanayong'aa ambayo ni mazee.

Kuhusu fedha, tunashauri daftari. Andikeni kwa mwaka mzima kila shilingi iliyoingia katika gari la zamani: spea, fundi, kuvutwa, na nauli mlizolipa likiwa limelala. Tuseme limeingia gereji mara sita, kila mara shilingi laki mbili na nusu. Hiyo ni milioni moja na nusu, na bado gari halijawa gari. Mkiiona jumla hiyo kwa pamoja, hapana haja ya kugombana, maana daftari limekwisha kusema. Kisha wekeni akiba ya gari jipya la kwenu kabla ya kulinunua, tena msitumie yote kwenye bei. Lazima ibaki ya bima, kuhamisha kadi, oili, breki na matairi.

KUAGA KWA HESHIMA

Hapa ndipo akina mama wengi tunahitaji hekima. Gari lile ni ndoto ya mtu. Amelala chini yake Jumamosi nyingi, amechubuka vidole, amewaambia wenzake kwamba siku moja litanguruma. Ukilitukana mbele ya wageni, au ukimkumbusha njiani likiwa limezimika, umemtukana yeye. Mseme mkiwa wawili, mmeshiba, bila hasira. Neno tulilolitumia sisi lilikuwa hili: "Hatusemi ulitupe. Tunaomba lisiwe ndilo la kutupeleka hospitali."

Baba watoto alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akauliza, "Na injini je?" Tukakubaliana kwamba pikapu iuzwe kwa kijana mwenye gereji aliyekuwa akiitamani, naye baba watoto awe anakwenda kumsaidia siku za Jumamosi. Vifaa vyake havikuguswa. Leo yeye ndiye anayekagua maji, oili na upepo wa matairi ya Escudo kila Ijumaa jioni, na kijana wetu wa pili humshikia tochi.

Mkiuza, hamisheni umiliki kwa TRA siku hizo hizo, msiridhike na karatasi ya makubaliano. Kadi ikibaki na jina lenu, faini za barabarani zitafuata namba ya gari, na maswali yatakuja mlangoni kwenu. Mwambieni mnunuzi kasoro zote mnazozijua, hasa za breki na ekzosi, kwa sababu naye ana watoto.

Mama mpendwa, huenda kwenu hakuna gari hata moja. Shauri la kuhesabu vichwa linakuhusu hata ukiwa abiria. Ukipanda gari la jirani au la kwaya, tafuta mkanda, ufunge, mfungie na mtoto. Ukiambiwa watoto wapande nyuma juu ya mizigo, sema kwa upole kwamba mtasubiri gari lijalo. Kusubiri kituoni kunachosha, lakini sisi tunaowapokea majeruhi usiku tunawaomba msubiri.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutarudi jikoni kuzungumza habari za kuhifadhi maziwa nyumba isiyo na jokofu. Hadi wakati huo, safari njema.