Kiingilio Hakinunui Nahodha

Tarehe 24 Mei 2009, katika uwanja wa San Siro mjini Milan, mtu mmoja alizunguka kiwanja kuwaaga watu aliowachezea tangu ujana wake. Kwa hesabu ya dunia hakuwa mzee, maana alikuwa amebakiza mwezi mmoja kutimiza miaka 41. Kwa hesabu ya kandanda alikuwa mkongwe wa wakongwe. Huyo alikuwa Paolo Maldini, beki na nahodha wa AC Milan. Siku hiyo timu yake ilikuwa imeshindwa na Roma mabao 3 kwa 2, lakini sehemu kubwa ya uwanja ilimpigia makofi. Alipofika upande wa kusini, penye mashabiki wanaojiona kuwa ndio moyo wa klabu, mambo yaligeuka. Palisikika miluzi na zomeo. Palitandazwa vitambaa vyenye maandishi ya kumsuta kwamba aliwavunjia heshima watu waliomtajirisha. Na pakaimbwa jina la nahodha aliyemtangulia, Franco Baresi, kwa maana kwamba klabu ile ilipata kuwa na nahodha mmoja tu.

Nimekusudia kubishana na watu wa upande ule. Lakini kabla ya kuwafikia hao, nina neno na watu wa upande wetu, yaani upande wa vitabu.

Mwanachuoni atauliza: yatuhusu nini sisi makofi na miluzi ya Wataliano? Mpira ni mchezo, na mchezo ni wa watoto. Anayemshukuru mtu kwa kuzuia mpira amekosa kazi ya kufanya. Hoja hii nimeisikia mara nyingi, na aghalabu hutolewa na mtu asiyejua njia ya kwenda uwanjani. Namjibu kwamba shukrani ni jambo la tabia, na tabia ya watu huonekana wazi zaidi mahali ambapo hawakuvaa joho wala hawakujiandaa kutazamwa. Tena jambo lenyewe halipo mbali nasi. Yanga ya Dar es Salaam ilipata kuwa na nahodha kutoka Zanzibar, Nadir Haroub, ambaye hata timu ya taifa aliiongoza. Lakini wengi walimjua kwa jina la Cannavaro. Jina hilo ni la Fabio Cannavaro, beki mzaliwa wa Napoli, nahodha wa Italia ilipotwaa Kombe la Dunia mwaka 2006. Jina la beki likavuka bahari likaja kukaa Jangwani. Waliolivusha hawakuwa maprofesa. Walikuwa mashabiki, na kwa kulivusha walikuwa wametoa hukumu ya kitaalamu: walimwona mtu wao jinsi anavyosimama na jinsi anavyozuia, wakamlinganisha na bora wa dunia.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kumheshimu shabiki anayemshukuru beki: shukrani hiyo haipatikani bila ya akili. Mshambuliaji hahitaji mfasiri. Akifunga bao hata mgeni aliyeingia uwanjani kwa kupotea njia atajua kuwa pametokea jambo. Kazi ya beki ni kinyume chake. Akiifanya vyema hapatokei jambo lolote. Mshambuliaji wa upande wa pili hupokea mpira akakuta njia imekwisha zibwa, akarudisha nyuma, na mchezo ukaendelea kana kwamba hapakuwa na hatari. Katika msimu wa 1993/94 Milan ilicheza michezo 34 ya ligi ikafungwa mabao 15 tu, na yenyewe haikufunga zaidi ya 36, lakini ikawa bingwa. Mabao yale 36 yana wenyewe, na majina yao yameandikwa. Mabao ambayo hayakuingia nani ameyaandika? Hayana daftari ila kumbukumbu ya watazamaji. Basi umati unaosimama kumshangilia beki umefanya kazi ambayo wengi wetu tunashindwa kuifanya vyuoni: umeona thamani ya jambo lililozuiliwa.

Sababu ya pili ni muda. Maldini aliingia katika timu ya wakubwa tarehe 20 Januari 1985, mjini Udine, akiwa na umri wa miaka 16. Alitoka mwaka 2009 baada ya michezo 902, na katika hiyo 647 ilikuwa ya ligi. Alitwaa ubingwa wa Italia mara 7 na Kombe la Ulaya mara 5, katika miaka ya 1989, 1990, 1994, 2003 na 2007. Baba yake, Cesare, aliinua kombe hilo akiwa nahodha wa Milan mjini London mwaka 1963. Mwana akaliinua, naye nahodha wa klabu ile ile, mjini Manchester mwaka 2003. Mtu aliyekuwa kijana katika ushindi wa kwanza alikuwa babu katika wa pili, na katika miaka hiyo 40 alilisikia jina lile lile la ukoo. Anaposhukuru, hamshukuru mchezaji peke yake. Anashukuru kwamba maisha yake mwenyewe yalikuwa na uzi uliyoyaunga.

Sasa nawafikia watu wa upande wa kusini, na sitaki kuwadhulumu. Hoja yao ina nguvu kuliko inavyodhaniwa. Wao ndio wanaosafiri, ndio wanaoimba mvua ikinyesha, na ndio wanaokuja timu inapokuwa dhaifu, wakati mashabiki wa viti vya fahari wamekaa nyumbani. Watasema: Baresi tunamweka mbele kwa sababu alikaa nasi katika unyonge. Hilo ni kweli. Mwaka 1980 Milan ilishushwa daraja kwa adhabu ya kashfa ya michezo ya kupangwa, na mwaka 1982 ikashuka tena kwa udhaifu wake yenyewe. Mara zote mbili Baresi hakuondoka. Maldini alikulia katika neema. Uaminifu wa Baresi ulipimwa kwa njaa, wa Maldini ulipimwa kwa shibe, na mizani ya njaa ndiyo kali.

Watasema pia kwamba walikuwa na kisa na nahodha wao. Mwaka 2005, mjini Istanbul, Milan iliongoza mabao 3 kwa 0 mbele ya Liverpool, na la kwanza alilifunga Maldini mwenyewe kabla dakika moja haijatimia. Liverpool ilisawazisha, kisha ikashinda kwa penalti. Habari za siku zile zilitaja maneno makali yaliyopita baina ya wachezaji na mashabiki baada ya msiba ule. Inawezekana nahodha alisema neno lililouma. Sitamtakasa, kwa kuwa hakuna mtu aliyetumikia miaka 25 bila ya kuteleza ulimi.

Nikikubali hayo yote, bado nasema kwamba kitambaa kile kilikuwa na kosa, na kosa lake lilikuwa katika neno moja: kumtajirisha. Tulichunguze. Anayenunua tiketi hununua dakika 90. Akishatazama dakika zake, biashara imekwisha. Muuzaji ameuza, mnunuzi amenunua, wala hakuna anayemdai mwenziwe. Ikiwa mashabiki wale ni wanunuzi, basi walipata mali yao tena kwa wingi, maana walinunua mchezo wakapewa na makombe, na hawana dai lililobaki. Lakini wao husema kwamba si wanunuzi. Wao ni wapenzi, na mapenzi yao hayana bei. Vyema. Ikiwa ni wapenzi, basi walichotoa kilikuwa zawadi, na zawadi hailetewi hati ya madai siku ya kuagana. Wachague moja. Hawawezi kujisifu kwa mapenzi asubuhi na kudai riba jioni. Fedha alizopata Maldini zilikuwa ujira wa kazi aliyoifanya. Heshima aliyopata ilikuwa zawadi ya watu. Aliyeifanya zawadi kuwa deni ameiharibu yote, hata ile sehemu aliyoitoa kwa moyo safi.

Kosa la pili lilikuwa kumtumia Baresi kuwa fimbo. Watu hawa wawili hawakuwa mahasimu. Kwa muda wa miaka 12 walisimama katika ukuta mmoja, pamoja na Tassotti na Costacurta, na yale mabao 15 ya msimu wa 1993/94 ni sifa yao wote. Hakuna awezaye kuupasua ukuta akasema jiwe hili lilizuia mvua na lile halikuzuia. Tena Baresi alipostaafu mwaka 1997, Milan ilikuwa imetoka kumaliza ligi katika nafasi ya 11, na msimu uliofuata, Maldini akiwa nahodha, ilimaliza katika nafasi ya 10. Cheo alichorithi hakikuwa tandiko la hariri. Alikishika katika unyonge akakifikisha Manchester mwaka 2003 na Athens mwaka 2007. Kumsifu mtu ili kumpiga mwenziwe ni kumdhulumu hata huyo msifiwa, kwa kuwa sifa zake zimechukuliwa bila ya idhini yake zikatumika kwa kazi chafu.

Kosa la tatu lilikuwa wakati. Malalamiko yana siku yake, nayo ni siku ambayo mlalamikiwa anaweza kujibu, kujirekebisha au kuomba radhi. Aliyekuwa na neno na nahodha alikuwa na miaka minne, tangu Istanbul mpaka siku ile, ya kulisema. Kulingoja lizungushwe uwanja mzima mbele ya wanawe, katika saa ambayo hana mchezo mwingine wa kuwajibia nyumbani hapo, si ujasiri wala si ukweli mchungu. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Lakini punda ana udhuru, kwa sababu hajui ni nani aliyemlisha.

Huenda msomaji akanikumbusha methali nyingine, ya mgema anayelitia tembo maji kwa sababu ya kusifiwa. Ati sifa nyingi huharibu watu, na miluzi kidogo ni dawa ya kiburi. Nakubali kwamba methali ni ya kweli, ila imetumiwa pasipo pahali pake. Inamhusu mgema ambaye bado anapanda mnazi. Maldini siku ile alikuwa amekwisha shuka, ameweka kibuyu chini. Tembo gani angelitia maji? Kumnyima sifa mtu anayeondoka hakumrekebishi yeye. Kunawafundisha wale vijana wanaobaki, waliokuwa wakitazama pembeni, kwamba hata ukicheza michezo 900 hutapata salama. Atakayejifunza somo hilo atafanya hesabu yake mapema, na klabu inayomlipa zaidi ikimwita atakwenda. Kisha mashabiki wale wale watalia kwamba siku hizi wachezaji hawana uaminifu.

Wiki moja baadaye, tarehe 31 Mei 2009, Maldini alicheza mchezo wake wa mwisho ugenini, mjini Florence. Milan ilishinda mabao 2 kwa 0. Watu wa Fiorentina, ambao hakuwahi kuwachezea hata siku moja, ambao kwa robo karne aliwanyima mabao waliyoyatamani, walimpigia makofi wakati timu yao imefungwa kwao. Hawa hawakumtajirisha, wala hawakuweza kudai kwamba yeye ni mali yao. Ndiyo maana waliweza kumwona. Walihukumu kazi, wakaiona kuwa njema, wakasema hivyo kwa mikono yao.

Nimeyaandika haya katika jarida la wasomaji wa vyuo kwa sababu nasi tuna mabeki wetu. Yuko mhariri ambaye makosa aliyoyazuia hayataonekana kamwe, kwa kuwa aliyazuia. Yuko mtunga kamusi aliyekesha juu ya neno moja ili sisi tulitumie bila ya kufikiri. Yuko mkutubi aliyeokoa majarida ya zamani na mchwa, na yuko mwalimu wa mwaka wa kwanza ambaye wanafunzi wake husifiwa wanapofika mwaka wa tatu katika mikono ya mwingine. Hao nao hustaafu. Nimehudhuria siku zao za kuagwa, nikasikia hotuba za dakika tano, na baada ya hotuba minong'ono ya waliokumbuka alama moja mbaya ya mwaka fulani au neno moja kali katika kikao fulani. Tulikuwa tumevaa suti, lakini tulikaa upande wa kusini.

Basi anayemdharau shabiki na ajiulize kwanza ni mara ngapi yeye amesimama kwa ajili ya mtu aliyezuia jambo lisitokee. Na shabiki wa upande wa kusini, ambaye nimemkemea kwa sababu naiheshimu kazi yake, na ajue kwamba nahodha wa namna ile akitoka harudi. Jezi namba 3 ya Milan ilitundikwa mwaka ule ule, na miluzi ile haiwezi kufutwa. Kilichobaki ni kumtazama vyema atakayefuata, na kumshukuru angali anasikia.