Kumtumaini Mungu Bila Kumjaribu: Tafakari Kutoka Ziwa Victoria

Tarehe 21 Mei 2026 inatimia miaka 30 tangu meli ya MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza. Inakadiriwa kuwa watu zaidi ya 800 walipoteza maisha katika meli iliyoruhusiwa kubeba abiria wapatao 430, na wengi wao wamelala katika makaburi ya Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka mita chache kabla ya kufika gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Kivuko hicho kiliruhusiwa kubeba abiria 101, lakini siku hiyo ya gulio walifariki watu 228 na kuokolewa 41. Sisi tunaoishi kando ya ziwa hili, tunaolivua, tunaolivuka na tunaowazika ndugu zetu kwa sababu yake, hatuwezi kuzungumza juu ya kumtumaini Mungu kana kwamba mambo haya hayakutokea.

Siku mbili baada ya ajali ya Ukara, wazamiaji walimtoa mhandisi wa kivuko akiwa hai ndani ya chombo kilichopinduka. Wengi tulimshukuru Mungu, na tulifanya vema. Hata hivyo, shukrani hiyo inaibua swali ambalo waamini huliuliza kwa sauti ya chini: je, wale 228 hawakuwa na imani? Mama aliyesali rozari akiwa na mtoto mgongoni, Mungu hakumsikia? Bwana wetu alikwisha kulijibu swali la namna hii. Alipowataja watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, alikataa katakata dhana kwamba walikuwa wakosefu kuliko wenzao wa Yerusalemu (Lk 13:4-5). Basi, tusimpime marehemu kwa kifo chake, wala tusimpime aliyenusurika kwa kunusurika kwake. Imani haikuwahi kuwa tiketi ya kupita salama.

Lipo kosa la pili, nalo huvaa joho la uchaji. Msibani husemwa, "Ni mapenzi ya Mungu," na maneno hayo yakitoka kwa mfiwa anayejikabidhi kwa Baba yake ni sala safi kabisa. Lakini maneno hayohayo, yakitumiwa kufunika uzembe, huwa shutuma dhidi ya Mungu. Aliyepakia watu kupita kiasi ni binadamu. Aliyeliona kosa akanyamaza ni binadamu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba Mungu si kamwe chanzo cha uovu wa kimaadili, kwa njia ya moja kwa moja au isiyo ya moja kwa moja (na. 311). Tukimtwika Mungu mzigo wa nahodha, wa mkaguzi na wa abiria, tunamkosea Yeye na tunawakosea marehemu, maana kosa lisilotajwa halirekebishwi.

Shetani alimpandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamtaka ajitupe chini, akimnukulia Zaburi kuhusu malaika wanaomlinda mwenye haki. Yesu alikataa, kwa kuwa kufanya hivyo ni kumjaribu Bwana (Mt 4:5-7). Katekisimu inarejea tukio hilo inapoieleza dhambi ya kumjaribu Mungu (na. 2119). Tuupime mwenendo wetu kwa mizani hiyo. Mvuvi wa dagaa anayeingia ziwani usiku bila jaketi okozi huku akisema Mungu yupo, mwenye boti anayepuuza tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa kuwa wateja wamekwisha kulipa, kiongozi wa kwaya anayewabana waimbaji wote katika mtumbwi mmoja ili wawahi misa kisiwani: hawa wanatumia jina la Mungu kwa namna ambayo Yesu mwenyewe aliikataa.

Maandiko Matakatifu yanatupatia mfano bora zaidi. Mtume Paulo, akisafirishwa kwenda Roma, alipatwa na dhoruba kali akiwa na watu 276 melini. Malaika alimhakikishia kwamba hakuna hata mmoja atakayepotea. Hata hivyo, mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua, Paulo alimwambia akida kwamba wasipobaki melini, wengine hawataokoka. Kisha akawahimiza wote wale chakula, na mwishowe wakafika pwani, wengine kwa kuogelea, wengine wakishikilia mbao (Mdo 27). Ahadi ya Mungu haikumwondolea Paulo wajibu wa kukesha, kuonya na kupanga. Kwa kuwa aliiamini ahadi, alikuwa na utulivu wa kutenda wakati wengine wamekata tamaa.

Huku kwetu pia Maongozi ya Mungu hupitia mikono ya watu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, wavuvi wa mitumbwi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 24 waliokolewa. Wavuvi wale walipiga kasia bila kujua watakachokikuta.

Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita tatu, limewaondolea wengi mashaka ya kungoja kivuko. Ndugu zetu wa visiwani bado wanategemea vyombo vya majini. Tusiwalaumu kwa wepesi: anayekimbilia mazishi au kumpeleka mgonjwa hospitali hachagui chombo, hupanda kilichopo. Ndiyo maana usalama wa msafiri maskini ni suala la haki kabla ya kuwa suala la tahadhari yake binafsi, na wenye mamlaka watatoa hesabu mbele ya Mungu. Nasi tunaweza kuanza tulipo: Jumuiya Ndogo Ndogo zichangie majaketi okozi kwa wanachama wavuvi, parokia zikague vyombo kabla ya safari za hija, na abiria athubutu kusema, "Chombo kimejaa, tusubiri."

Tukiisha kutenda hayo yote, ziwa litabaki ziwa. Mwaka 2024 maji yake yalipanda hadi viwango vya juu visivyowahi kurekodiwa, yakaingia majumbani na mialoni. Upepo hautatuomba ruhusa. Hapo ndipo fadhila ya matumaini inapoanza kazi yake halisi. Mitume walikuwa na Yesu chomboni, na dhoruba ikaja vilevile. Walimlalamikia kwamba hajali, naye akautuliza upepo kwanza, kisha akawauliza juu ya imani yao (Mk 4:35-41). Paulo, aliyevunjikiwa meli mara tatu, ndiye aliyeandika kwamba hakuna kitu, hata mauti, kiwezacho kututenga na upendo wa Mungu katika Kristo (Rum 8:38-39). Hakuahidi kwamba hatutazama. Alitangaza kwamba hata vilindini hatutakuwa peke yetu.

Kwa imani hiyo tuwaombee marehemu wetu wa MV Bukoba na MV Nyerere, tuwafariji waliobaki, na tuhesabu abiria kabla ya kung'oa nanga. Raha ya milele uwape, ee Bwana.