Hati Mkononi, Mzizi Wapi?

Mjomba wangu, mwalimu mstaafu, ana maadui wawili: mvua ya masika na panya. Ndiyo maana hati ya kiwanja chake cha Kikambala, hamsini kwa mia kama wasemavyo mabroka, imo ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko umo ndani ya bahasha ya kaki, na bahasha imo ndani ya sanduku la bati lililo uvunguni. Siku moja aliitoa akanitandazia mkekani. Alikuwa amesikia redioni kwamba Mahakama ya Juu imesema karatasi ile peke yake haitoshi.

"Jina hili la nani?" aliniuliza, kidole kikiwa juu ya mhuri.

"Lako, mjomba."

"Nililiandika mimi?"

"La. Aliliandika msajili."

"Na msajili ni wa nani?"

"Wa serikali."

"Basi nifahamishe hapo, mwanangu. Serikali iliyoniandikia jina ndiyo itakayokuja kuniambia kwamba si langu?"

Siku ile nilimjibu kwa kunywa chai. Tangu hapo nimezisoma hukumu zenyewe, na naona swali lake ndilo ambalo mahakama haikulimaliza.

Kesi iliyomtia tumbojoto ilianzia Nyali, upande wa baharini, kwenye kiwanja kiitwacho MN/I/6053. Mwaka 1989 kiwanja hicho kiligawiwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi. Kutoka kwake kiliuzwa kwa kampuni ya Bawazir, na kutoka Bawazir kikafika mikononi mwa kampuni ya Dina Management. Septemba 2017 watu wa Serikali ya Kaunti ya Mombasa walifika wakaubomoa ukuta, wakisema pale ni uwazi wa umma na njia ya watu kuteremkia ufuoni. Dina walikwenda mahakamani na hati yao. Walishindwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, wakashindwa Mahakama ya Rufaa, na tarehe 21 Aprili 2023 wakashindwa mbele ya Mahakama ya Juu.

Utetezi wao ni ule ambao mnunuzi yeyote angeutoa: tulinunua kwa aliyekuwa na hati, tukalipa, na hatukujua kasoro yoyote. Wanasheria humwita mtu huyo mnunuzi wa nia njema. Majaji hawakumpokea. Walisema ukitaka kujua hati ni nzima, usiitazame hati, tazama mzizi wake. Ardhi iliyokuwa imetengwa iwe uwazi wa umma haikuwa ya kugawiwa mtu, kwa hiyo mgao wa 1989 haukuzaa kitu, na Moi hakuwa na kitu cha kumuuzia Bawazir, wala Bawazir hakuwa na kitu cha kumuuzia Dina. Katiba ya 2010, ibara ya 40(6), inasema wazi kwamba ulinzi wa mali hauifikii mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Mahakama iliongeza jambo ambalo mtu yeyote wa Mombasa angelisema barazani: kiwanja kilichoelekea bahari ni kitamu kwa wengi, na anayekinunua anapaswa kufumbua macho mawili.

Ili kuuona uzito wa maneno hayo, inafaa kurudi nyuma kidogo, hadi Australia Kusini mwaka 1858. Huko Robert Torrens alibuni mfumo wa kusajili ardhi ambao makusudi yake yalikuwa kumwokoa mnunuzi na kazi ya kufukua hati za mababu. Daftari la serikali liwe kioo: unachokiona humo ndicho kilichopo. Yaliyotangulia yafunikwe pazia, wala usiulize. Ukoloni uliuleta mfumo huo Kenya, na kwa miongo mingi sheria ilisema hati ni ushahidi wa mwisho, isipokuwa mwenye hati awe ameshiriki ulaghai. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 ilipasua pazia hilo. Kifungu chake cha 26 kinaruhusu hati kupingwa ikiwa ilipatikana kinyume cha sheria, kinyume cha utaratibu au kwa njama ya kifisadi. Mwaka mmoja baadaye Mahakama ya Rufaa ikasema kwamba mzizi wa hati ukitiliwa shaka, haitoshi mtu kuipeperusha hati hiyo hewani. Kilichofanywa na Mahakama ya Juu mwaka 2023 ni kuliondoa pazia kabisa.

Na sababu ilikuwepo. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, ambayo ilimkabidhi Rais Mwai Kibaki ripoti yake mwaka 2004, ilikadiria kwamba hati zipatazo 200,000 zilitolewa isivyo halali kati ya 1962 na 2002. Misitu, viwanja vya shule, makaburi, vyoo vya stendi, vyote vilikatwakatwa. Mchezo ulikuwa mmoja. Mkubwa anagawiwa ardhi ya umma kwa barua, halafu haraka anaiuza kwa kampuni, nayo kampuni inamuuzia mwingine. Ikifika mikono mitatu, wa mwisho anasimama kizimbani na kusema mimi sijui lolote. Utetezi wa nia njema ukawa dobi: unatia ardhi ya wizi, unatoa ardhi safi. Aliyewahi kushuka ufuoni Nyali au Bamburi siku ya Idi na watoto, akazungushwa kuta tatu kutafuta kichochoro cha kufikia maji, hahitaji kueleweshwa kwa nini dobi huyo alipaswa kufungiwa duka.

Mahakama haikuishia ufuoni. Septemba 2023 iliamua kesi ya kampuni ya Torino iliyodai ardhi Embakasi, Nairobi, iliyonunuliwa kwa msingi wa barua ya mgao. Majaji walisema barua ya mgao si hati. Ni pendekezo lenye masharti, na asiyeyatimiza kwa wakati hana cha kumuuzia mtu. Isitoshe, juu ya ardhi yenyewe kulikuwa na jeshi, na kambi ya jeshi si mbuzi aliyejificha kichakani, mnunuzi angeiona. Aprili 2025 ikaja kesi ya Ngara, jijini Nairobi: familia moja, ambayo mkataba wake wa kukodi ardhi ya serikali ulikwisha mwaka 2001 ikiwa imeomba kuongezewa muda, ilikuta kiwanja kimegawiwa kampuni nyingine, nayo imekiuza kwa kampuni ya Tarabana. Mahakama ya Rufaa ilikuwa imempa mnunuzi haki. Mahakama ya Juu ikaupindua uamuzi huo. Kesi hii ya tatu ina uzito wake, kwa sababu aliyeporwa hapa alikuwa mtu na familia yake, si umma. Hakuna tena wa kusema kanuni ya mzizi ni ya fukwe na kambi tu.

Mpaka hapo niko upande wa majaji. Tunaachana njia kwenye swali la mjomba.

Maamuzi ya Mahakama ya Juu, kwa ibara ya 163(7), yanazifunga mahakama nyingine zote nchini. Kanuni iliyochongwa kwa ajili ya kiwanja cha bahari, ambacho mnunuzi wake ana mawakili na wapimaji, kesho inamfuata mwalimu wa hamsini kwa mia. Mwalimu afanye nini ili ajulikane kuwa alifumbua macho? Watu wengi hufanya sachi, wanapewa karatasi inayosema ardhi ni ya fulani na haina deni, wanalipa. Lakini sachi inakuonyesha mwenye ardhi wa leo. Haikuambii aliipataje. Kwa hilo unahitaji nakala ya kadi ya kijani, inayoorodhesha wamiliki tangu wa kwanza, faili lenyewe, ramani ya upimaji, na zaidi ya hayo mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka hiyo, ili ujue kama mahali pale palikuwa pametengwa pawe soko, shule au njia.

Nilimsindikiza mjomba kwenye ofisi moja ya ardhi kuitafuta kadi hiyo. Dirisha lina tundu dogo la kuongelea, lililotobolewa chini kiasi kwamba mzee mrefu kama yeye lazima ainame kama anayeomba radhi. Kijana wa ndani alichukua namba, akaenda, akarudi. "Faili haionekani, mzee. Pita wiki ijayo." Hakuwa mkorofi, alisema kwa upole wa mtu ambaye sentensi hiyo huisema mara arobaini kwa siku. Nyuma yake mafaili yalikuwa yamepangwa mpaka darini, mengine yamefungwa kwa kamba ya katani. Wiki iliyofuata halikuonekana pia.

Hapa ndipo hukumu zinapoyumba, nikizisoma mimi. Zinamtaka mnunuzi achimbe hadi mzizini, ilhali jembe amelishika mtu mwingine, na mtu huyo ndiye aliyepanda mti. Msajili aliyeupokea mgao mbovu, aliyepiga mhuri, aliyekusanya ada kila ardhi ilipobadili mikono, katika hesabu ya mwisho hadaiwi kitu. Syokimau mwaka 2011, Mavoko Oktoba 2023: matingatinga yaliingia, nyumba zikalala chini, wenye nyumba wakabaki vumbini na makaratasi. Makaratasi ya wengine yalikuwa ya kughushi, ya matapeli wa vikundi na mabroka, na hapo serikali inaweza kunawa mikono. Lakini hati iliyotoka kwenye mashine ya serikali yenyewe, ni nani ainawie?

Sheria haikusahau. Kifungu cha 81 cha sheria ileile ya 2012 kinampa haki ya fidia mtu aliyepata hasara kwa sababu daftari limerekebishwa. Kisha kinaweka shimo: hapati aliyeisababisha hasara hiyo kwa ulaghai au kwa uzembe wake. Sasa liunganishe hilo na kesi ya Nyali. Ikiwa mahakama imekwisha kusema kwamba mnunuzi makini ni yule anayefika mzizini, basi asiyefika ni mzembe. Na akiwa mzembe, fidia imempita. Mlango wa kutokea umefungwa kwa ufunguo uleule uliofungia ule wa kuingilia. Sidhani majaji walikusudia hivyo, kwani hawakuulizwa. Lakini ipo siku mstaafu mmoja ataupeleka mzigo wake mbele yao, nao itabidi waseme kama uangalifu wa mtu wa ufuoni ndio uangalifu wa mtu wa Kikambala. Ningekuwa wakili wake ningesema hapana. Anayeuziwa lulu na anayeuziwa samli hawakagui kwa miwani moja.

Serikali ina jibu lake, nalo ni mtambo. Aprili 2021 ilizindua Ardhisasa, mfumo wa kuhifadhi rekodi za ardhi kwa kompyuta, ukianzia Nairobi. Ni jambo jema. Kompyuta haipotezi faili kwa sababu ya panya. Ila hati iliyozaliwa na ubovu ikiingizwa humo inatoka na ubovu wake, safari hii ikiwa imepigwa pasi.

Kuna jambo jingine, na huku kwetu Pwani ndilo linalowafanya wazee wacheke vibaya wakisikia neno mzizi. Tukifukua kweli, tutasimama wapi? Mwaka 1908 Waingereza walitunga sheria ya hati za ardhi kwa ukanda huu wa maili kumi uliokuwa chini ya jina la Sultani wa Zanzibar. Kila mwenye madai aje ayaandikishe. Walioandikisha wakapewa hati. Ardhi ambayo hakuna aliyekuja kuidai ikawa ya Taji. Wengi katika Wamijikenda, waliolima na kuzika wafu wao katika ardhi hiyo, walijikuta nje ya daftari, wakaitwa maskwota, nao wajukuu wao wanaitwa hivyo mpaka leo. Taji ilipoondoka, ardhi yake ikawa ya serikali ya Kenya, ambayo ilianza kuigawa, kwa haki na kwa dhuluma. Mahakama ikiufuata mzizi inafika kwenye mgao wa serikali na inasimama. Inauliza kama serikali ilifuata utaratibu ilipotoa. Haiulizi serikali ilipewa na nani. Najua kwa nini haiulizi: ukiuvuta mzizi huo hakuna nyumba itakayobaki wima kuanzia Vanga hadi Lamu. Hata hivyo ni vizuri tukubaliane kwamba kina cha shimo kimechaguliwa na mtu.

Mara ya nne faili lilionekana. Mjomba alilipa, akapewa nakala ya kadi ya kijani, tukaenda kuisoma chini ya mwembe ng'ambo ya barabara, mahali wapiga chapa wanapokaa na mashine zao. Alivaa miwani. Alianza chini, kwenye jina lake, akapanda polepole: aliyemuuzia, aliyemuuzia huyo, mpaka mstari wa kwanza kabisa. Aliusoma kwa sauti, kama alivyokuwa akisomea darasa.

"Serikali ya Kenya."

Akaigeuza karatasi kutazama kama nyuma pana kitu. Hapakuwa na kitu. Akatoa mfuko wake wa nailoni.