Nyumba Arua, mzigo Oraba: mtaji unapokwama kwenye matofali

Kwa wafanyabiashara wengi wa Arua na Koboko, faida ya safari za Sudan Kusini na Kongo huishia kwenye kiwanja. Sababu inaeleweka. Ardhi haiporwi njiani, wala haiyeyuki kama pauni ya Sudan Kusini.

Hata hivyo, suala la ukwasi, yaani wepesi wa mali kugeuzwa fedha taslimu bila hasara, husahaulika mara nyingi. Magunia ya unga yanaweza kuuzwa kwa siku moja. Nyumba inaweza kusubiri mnunuzi kwa miezi mingi.

Historia ya mpaka huu inatoa funzo. Baada ya mkataba wa amani wa Januari 2005, soko la Sudan Kusini lilifunguka na fedha zikaingia West Nile. Desemba 2013 vita vilizuka Juba. Desemba 2015 benki kuu ya nchi hiyo iliacha kupanga bei ya pauni, na bei rasmi ya dola ikaruka kutoka takriban pauni 3 hadi zaidi ya 18. Julai 2016 mapigano yalirudi Juba, kisha yakaenea hadi Yei, mji ulio kwenye njia ya Kaya kwenda Juba. Aliyekuwa na mzigo au madeni ng'ambo ya Oraba alihitaji fedha za haraka.

Hapo ndipo penye hatari. Mnunuzi wa nyumba ya mfanyabiashara mara nyingi ni mfanyabiashara mwenzake. Mpaka ukikwama, wote wawili hukwama siku moja: wauzaji huongezeka, wanunuzi hupungua. Kwa hiyo nyumba ya Arua si akiba iliyo mbali na biashara ya mpakani, bali hupanda na kushuka nayo.

Kodi ya pango nayo haizibi pengo haraka. Tuseme msafirishaji wa Koboko amejenga nyumba ya shilingi milioni 160 inayomwingizia milioni 1 kwa mwezi. Injini ya lori ikifa, akahitaji milioni 30, kodi hiyo itachukua miezi 30 kuzifikisha. Wapangaji wenyewe pia hubadilika. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake, mashirika mengi yanayohudumia wakimbizi Uganda yalipunguza shughuli.

Njia nyingine ni kukopa kwa dhamana ya nyumba, lakini hapo makaratasi huamua. Sehemu kubwa ya ardhi ya West Nile inamilikiwa kimila. Makubaliano yaliyoshuhudiwa na mwenyekiti wa LC1 humridhisha jirani, ila benki kwa kawaida hutaka hati. Sheria ya Ardhi ya 1998 pia inadai ridhaa ya mume au mke kabla ya kuuza au kuweka rehani ardhi ya familia. Mkopaji akishindwa kulipa, Sheria ya Rehani ya 2009 inampa siku 45 za kazi kurekebisha, kisha notisi ya siku 21 za kazi kabla ya mnada. Hiyo ni takriban miezi mitatu, wakati mpaka unaweza kuyumba kwa mwaka mzima.

Haya hayamaanishi kwamba kujenga ni kosa. Kinachotakiwa ni mpangilio. Kwanza, fedha za angalau safari mbili na matengenezo ya gari zibaki benki kabla tofali la kwanza halijanunuliwa. Pili, hati ishughulikiwe wakati biashara ni nzuri, si siku ya shida. Tatu, ujenzi uende kwa awamu, kila awamu ikianza kuingiza kodi kabla ya nyingine. Nne, mtaji wa mzigo usijengee nyumba. Mzigo uliouzwa hurudisha fedha kwa wiki chache. Nyumba huchukua miaka, na lori haliwezi kusubiri.