Ganda la risasi likisafishwa, ushahidi hupotea

Na Mwandishi Wetu

KATIKA nyumba za mwambao, sinia na birika za shaba husuguliwa kwa ndimu na majivu hadi zikang'ara kama mpya. Kazi hiyo haimdhuru mtu. Lakini kipo chombo kingine cha shaba ambacho kung'arishwa kwake kunapaswa kuwashughulisha wananchi na watunga sheria. Chombo hicho ni ganda tupu la risasi.

Suala hili lina uzito wa pekee kisiwani Pemba. Januari 2001, wafuasi wa Chama cha Wananchi (CUF) waliandamana kudai uchaguzi wa Oktoba 2000 urudiwe, na polisi wakawafyatulia risasi Wete, Micheweni na kwingineko Visiwani. Zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari na kukimbilia Shimoni, Kenya. Tume iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilieleza kuwa watu 31 walipoteza maisha. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Aprili 2002, lilisema waliouawa hawakupungua 35.

Mabishano ya namna hiyo yalirudi Oktoba 2020. Siku ya kuelekea uchaguzi, ACT-Wazalendo ilidai kuwa polisi wamewaua raia kwa risasi Pemba, na Jeshi la Polisi likakanusha. Panapokuwa na pande mbili zisizoaminiana, shahidi asiye na chama huwa ni kitu kilichobaki ardhini.

Ganda ni shahidi wa aina hiyo. Kwa kawaida risasi ina sehemu nne: kichwa kinachoruka, baruti, fataki iliyopachikwa kitakoni, na ganda linalovishikilia vyote. Ganda zuri hutengenezwa kwa shaba ya manjano, mchanganyiko wa takriban asilimia 70 ya shaba nyekundu na asilimia 30 ya zinki. Kitakoni mwake viwanda vingi hugonga alama zao, na mara nyingi mwaka wa kutengenezwa. Bunduki nayo huacha alama zake: pini hubonyeza fataki, na ndoana inayolitoa ganda hukwaruza ukingo. Mtaalamu akizilinganisha alama hizo na bunduki iliyoshukiwa, anaweza kueleza kama ganda lilitoka humo.

Nini hutokea ganda hilo likiandaliwa kujazwa tena? Nchini Marekani, ambako kazi hiyo ni halali na wapiga shabaha wengi huifanya nyumbani, ganda hupendwa kwa sababu ndilo sehemu yenye gharama kubwa na linaweza kutumika mara kadhaa. Fataki ya zamani hutolewa na kutupwa. Ganda huoshwa, pengine kwa asidi ya ndimu, kisha hutiwa katika pipa dogo linalozunguka pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa, maganda ya jozi au vijipini vya chuma, hadi masizi yaishe. Baada ya hapo hukaguliwa, hurudishwa katika umbo lake, na kupewa fataki, baruti na kichwa kipya.

Hapo ndipo tatizo la kiuchunguzi linapoanza. Alama ya pini ilikuwa kwenye fataki, nayo imekwenda na fataki. Masizi na alama za vidole zimeoshwa. Mikwaruzo ya bunduki ya kwanza huweza kubaki, kisha ikachanganyika na ya bunduki ya pili. Chapa ya kiwanda inabaki palepale, ila sasa inasema uongo, kwa kuwa inataja mahali ganda lilipozaliwa, wala haimtaji aliyelijaza. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini kwa ganda lililong'arishwa njia hiyo huwa ndefu mno kwa mpelelezi.

Mng'aro huo humhadaa hata mtumiaji. Mwanzoni mwa karne ya 20, Waingereza waligundua nchini India kuwa maganda yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi yalikuwa yakipasuka msimu wa mvua. Chanzo kilikuwa amonia ya mkojo wa wanyama ikisaidiwa na unyevu. Ndiyo maana ganda halifai kusafishwa kwa dawa yenye amonia, kwani linaweza kung'ara huku lina ufa. Vumbi la kusafishia nalo hubeba risasi, yaani ile madini yenye sumu, kutoka kwenye masalia ya fataki.

Hata hivyo, hatari hii isitiwe chumvi. Maganda mengi ya bunduki za aina ya Kalashnikov ni ya chuma, na fataki zake hazitoki kwa urahisi, hivyo hayampendezi mjazaji. Ganda la shaba, kwa upande wake, lina soko jingine lililo rahisi zaidi: biashara ya vyuma chakavu. Likiingia katika tanuri halitoi tena ushahidi wowote.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza kutengeneza risasi bila leseni. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania ni mshirika wake, imeweka mkazo katika kutia alama silaha. Lakini utaratibu wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2005 wa kufuatilia silaha ndogo uliziacha risasi nje, na mfumo wa kimataifa kuhusu risasi uliopitishwa mwaka 2023 ni wa hiari.

Pengo hilo halihitaji mkataba mpya kuzibwa. Katika viwanja vya shabaha vya majeshi mengi, askari aliyepewa risasi 30 hurudisha risasi na maganda yanayotimiza 30. Utaratibu huohuo ukifuatwa kila polisi wanapofyatua risasi mbele ya raia, maganda yakaokotwa bila kusafishwa, yakafungwa, yakaandikwa mahali na saa, kisha yakakabidhiwa chombo kisicho chini ya polisi, tume ijayo haitaanza kazi kwa kubishana.

Askari asiye na hatia atalindwa na ganda hilo, na mjane wa Micheweni atapata jibu. Kwa wote wawili, ganda chafu lina thamani kuliko linalong'ara.