Kwa nini nilipunguza mukimo

KUTOKA MLIMANI
Na Kawira Mutwiri

Baba alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti akiwa na miaka 63. Kidonda kilianzia kidoleni, pale gambuti lilipomchubua shambani, na kwa kuwa kisukari kilikuwa kimeshatia ganzi nyayo zake, hakuhisi chochote. Tulikijua kidonda kwa harufu. Nayasema haya mapema kwa sababu watu wakiniona nikiacha mukimo sahanini huniuliza kama natafuta wembamba. Sitafuti wembamba. Naitunza miguu yangu.

Miaka mitatu iliyopita, nikiwa na miaka 48, nilipimwa katika kliniki moja mjini Embu. Wastani wangu wa sukari ya miezi mitatu ulikuwa asilimia 6.3. Aliyenihudumia akanirudishia karatasi na kusema, "Uko sawa, mama." Ni binamu yangu muuguzi aliyenieleza usiku huo kwamba chini ya 5.7 ndiko kwenye usalama, kwamba 6.5 ni kisukari chenyewe, na kwamba mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Neno hilo "sawa" bado linaniuma. Baba naye aliwahi kuambiwa hivyo hivyo. Na angalau mimi nilipimwa: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima tisa kati ya kumi nchini hawakuwa wamewahi kupimwa sukari hata mara moja.

Nikaketi na kalamu nikaandika nilichokula siku ile. Asubuhi, nduma na chai ya sukari. Mchana, githeri yenye viazi. Saa kumi, mandazi mawili. Usiku, ugali. Unga wa mahindi, kila gramu 100, una takriban gramu 75 za wanga, na wanga wote huo tumboni hugeuka sukari. Kongosho hulazimika kumwaga insulini ili kuiondoa sukari hiyo kwenye damu, mlo baada ya mlo, mwaka baada ya mwaka, mpaka mwili unaacha kuiitikia. Siku yangu nzima haikuwa na mlo hata mmoja ulioipumzisha.

Kupunguza wanga hakukunishinda jikoni kwangu. Kulinishinda kwa mama, Nkubu.

Kwetu Meru, mukimo ndiyo heshima ya mgeni. Mama huamka mapema, achume majani ya maboga, aponde ndizi, viazi na mahindi kwa mwiko hadi mkono umuume. Nilipomwambia anipakulie kijiko kimoja tu, aliweka upawa chini. "Kwa hivyo chakula chetu sasa kimekuwa sumu?" Sikuwa na jibu siku hiyo. Niliondoka na aibu, kama mtu aliyemtukana mamake.

Jibu ninalo leo, na ninalitoa kwa heshima zote. Mahindi na viazi vyenyewe vilikuja kutoka Amerika. Mlimani hapa watu waliishi kwa mawele, mtama, wimbi, viazi vikuu, njahi na kunde. Nakiri, hivyo navyo vina wanga mwingi. Lakini nyanya yangu alilima tangu alfajiri, akateremka mtoni na kupanda na mtungi mgongoni, akala jioni. Mimi hushinda kitini, na dukani naenda kwa bodaboda. Sahani yake niliirithi, kazi yake sikuirithi. Ndipo nilipoona kwamba kupunguza mukimo si kumkana nyanya.

Wala sikuhitaji vyakula vya supamaketi. Asubuhi nala mayai na nusu parachichi. Mchana terere au majani ya kunde, pamoja na kuku, matumbo au omena. Macadamia, ambazo Embu na Meru tunawauzia madalali magunia kwa magunia bila kuonja, sasa nazibakisha nyumbani kiasi. Ndengu kutoka Mbeere sijaziacha: zina wanga, ila zina nyuzinyuzi na protini, na sukari yangu hupanda nazo polepole. Githeri naila maharagwe yakiwa mengi na mahindi machache. Chai ni ya maziwa bila sukari, na hiyo ndiyo iliyonitesa kuliko vyote. Najua trei ya mayai ni ghali kuliko gorogoro la mahindi, na kwa mama mwenye watoto watano ushauri wangu unaweza kusikika kama matusi. Kwake ningesema aanze na soda na sukari ya chai, kwa maana kuziacha hakumgharimu kitu.

Kuna kosa nililofanya ambalo sitaki mtu alirudie. Kwa furaha ya kuona sukari yangu ikishuka, nilimpunguzia baba ugali bila kumwambia daktari wake, naye alikuwa akidungwa insulini. Saa tisa usiku tulimkuta analowa jasho, anatetemeka, hatutambui. Uji wa sukari ndio uliomrudisha. Anayetumia insulini, au vidonge kama glibenclamide, asiguse sahani yake kabla dozi haijaangaliwa na daktari.

Kabla ya insulini kutumika kwa mgonjwa wa kwanza, huko Toronto Januari 1922, madaktari hawakuwa na silaha nyingine dhidi ya kisukari ila kupunguza chakula, hasa wanga na sukari. Kwa hiyo anayeniambia huu ni mtindo wa mabinti wa Nairobi, amepotea kwa zaidi ya miaka mia moja. Mimi nimepungua kilo 11, na kipimo changu cha mwisho kilikuwa 5.6. Huo ni mwili wangu; wa mwingine unaweza kujibu tofauti.

Jumapili iliyopita nilikuwa Nkubu. Mama alinipakulia mboga kwanza, kisha kijiko cha mukimo pembeni, bila neno. Kesho yake asubuhi, kabla ya chai, akanyoosha kidole. "Hebu nitoboe na mimi nione hiyo mashine yako." Ikasoma milimoli 9.4 kwa lita. Tumbo tupu, 7.0 tayari ni dalili ya kisukari. Akaitazama namba ile kwa muda, akauliza kama ndivyo ilivyoanza kwa baba. Nikamwambia ndiyo.

Jumatano tunaenda kliniki. Amesema nimpitie saa moja, na kwamba hatakula chochote kabla sijafika.