Mama Mkwe na Saa ya Simu

Mwezi uliopita niliwaahidi mada ya zawadi. Itasubiri kidogo, maana kwangu nusura pawake moto kwa ajili ya mama mkwe.

Mama anaishi Unyambwa, Singida, na shamba lake la alizeti hataki kusikia habari ya kuliacha. Siku moja wifi akanipigia simu akininong'oneza: mama ameanguka mara mbili, mojawapo usiku akienda chooni, na amekataza tusiambiwe. Mume wangu akaamua palepale, anahamia kwetu Dar. Nikamuuliza, kwani umemuuliza mwenyewe? Basi bwana, tukanuniana wiki nzima, kila mtu na upande wake wa kitanda.

Kabla ya safari, rafiki yangu mmoja mfiziotherapia alinielekeza kipimo ambacho Podsiadlo na Richardson wa Montreal, Kanada, walikichapisha mwaka 1991. Unahitaji kiti chenye mikono, mita 3 za uwanja na saa. Mzee anainuka, anatembea mwendo wake wa kawaida hadi kwenye alama, anageuka, anarudi, anakaa. Avae viatu vyake vya kila siku, ashike fimbo yake kama anayo, na mtu asimame karibu. Wataalamu wa Marekani wanasema sekunde 12 au zaidi ni dalili ya hatari.

Mama alitumia 19. Kilichonishtua hasa ni alipogeuka: hatua ndogo ndogo nyingi, mkono ukitafuta ukuta ambao haupo. Nikamwuliza habari za kuku wake akiwa njiani, akasimama kabisa ndipo akajibu. Nilidhani ni adabu. Kumbe huko Sweden mwaka 1997 watafiti waliwafuatilia wazee 58. Kati ya 12 waliosimama walipoongeleshwa, 10 walianguka ndani ya miezi 6.

Lakini jamani, msiifanye saa ya simu kuwa ramli. Kipimo hiki peke yake hukosea sana, wapo wenye sekunde nzuri wanaoanguka vilevile. Swali zito ni lile la kizamani: umeanguka mwaka huu? Na uulize kwa upole, maana wazee wetu huficha wakiogopa kunyang'anywa jembe.

Nilimwuliza tukichambua mboga, wanaume wakiwa nje. "Mwanangu, nikisimama dunia inazunguka," akasema. Kumbe kizunguzungu kilianza alipoongezewa dawa za presha! Tukampeleka hospitali, akapimwa presha akiwa amelala, kisha amesimama. Ilishuka mno. Daktari akarekebisha dozi (msithubutu kupunguza wenyewe) na akaona mtoto wa jicho upande wa kulia. Ndala zilizolika tukazitupa. Sasa kila asubuhi wifi anamsimamia akiinuka na kukaa kitini mara 10, kuipa miguu nguvu.

Mume wangu alinunua saruji pale mjini akasawazisha njia ya chooni mwenyewe, akaweka na bomba la kushikia. Sikumbuki lini nilimwona akitoka jasho hivyo. Usiku ule alinisogelea, akaniambia aliogopa tu kupigiwa simu ya msiba.

Kuhusu Dar, tunakaa ghorofa ya tatu na lifti hakuna. Mama aliuliza ngazi ni ngapi, akacheka. Mazungumzo yanaendelea.